Nilivyomuua Mama kwa Wino

Nakiri nilimuua mama yangu kwa wino, kwenye somo la kutunga hadithi. Mara ya kwanza niliandika tu kwamba kafa, nami nikalia sana. Mwalimu wetu wa shule ya Wadachi, mtu wa pwani, akapiga mwayo.

"Wewe bwana, usiniambie umelia. Nioneshe alichokiacha."

Basi nikaandika ungo wake ukutani, na mtama kinuni, umetwangwa nusu. Darasa zima likanyamaza, hata wale wanaonizomea kila siku. Mwalimu alipouliza kama ni kweli, kwa raha ya ule ukimya nikainamisha kichwa kukubali.

Jioni akaja kwetu Miyuji na darasa zima, wamebeba unga wa msibani. Mama akatoka na mchi mkononi. Nikajua shule imekwisha, maana alishaapa kwamba nikimwaibisha tena narudi kuchunga ng'ombe.

Mwalimu, kwa haya, akamsomea niliyoyaandika ili aeleze kilichowaleta. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Mimi nife niache mtama nusu kinuni? Kesho rudi kwa mwalimu ukaandike upya, na mtama huo niumalize kwanza ndipo nife."