Nilifeli test ya lori nikingoja kupigiwa bodi

Wakuu, hamjambo? Leo nimepaki mapema, chai iko hapa karibu, wacha niwape hii story vile ilikuwa, hata pale inaniaibisha.

Mimi ni dereva wa lori ya shamba huku Kiambere. Maembe, ndengu, mbolea, miaka tisa sasa.

Lakini license yangu ilikuwa ya gari ndogo tu. Ndani ya shamba nani atakuuliza? Mbuzi?

Sasa msimu huu mdosi akapata soko Meru mjini. Hiyo ni lami mpaka huko, na polisi wako. Akaniita, akaniambia kwa upole kwamba maembe yakiiva kabla sijapata class C, ile license ya lori, atachukua dereva mwingine kutoka Karurumo.

Wakuu, niko na watoto watatu na hii lori ndiyo kazi naijua. Hata muthokoi ya jioni ilinishinda kumeza.

Nikajiandikisha driving school Embu. Theory nikaisoma hadi bibi yangu akaijua. Zile gari za kuchezea juu ya board ya mchoro wa barabara nikazipanga sawasawa. Nikajiona nimefika, masomo ya kuendesha nikayaruka.

Siku ya test, examiner, mzee mmoja mtulivu, akaniambia nirudi nyuma niingie katikati ya drum mbili.

Nikaweka reverse. Nikatoa kichwa dirishani. Nikangoja.

Nikangoja tena.

"Unangoja nini?" akaniuliza.

"Nangoja kupigiwa bodi, sir."

Wacha niwaeleze. Kwetu lori hairudi nyuma bila mtu kugonga bodi kwa mkono. Ikigongwa haraka haraka, unakuja. Ikigongwa mara moja kwa nguvu, unasimama. Mgongaji wetu ni Mama Wanja, msimamizi wa wale wanapanga maembe kwa kreti. Side mirror zilivunjwa na matawi ya miembe kitambo na hakuna mtu alizililia.

Yaani miaka tisa nimekuwa nikirudi nyuma na masikio!

Mzee alicheka mpaka akatoa miwani akapangusa macho. Halafu akanifelisha.

Kumwambia mdosi niliogopa, nikaanzia kwa Mama Wanja. Nilidhani atanicheka, lakini alinishika mkono akanipeleka mwenyewe kwa mdosi, akasema lori inunuliwe mirror. Ikanunuliwa.

Kutoka hapo kila jioni ananipangia kreti tupu kwa laini mbili, kisha anaenda kukaa mbali, mikono ndani ya leso, ndio asijaribiwe kugonga. Nilivunja kreti, wacha tu. Mama hata hakunigombeza. Alikuwa na neno moja tu, "Angalia."

Test ya pili nikaingia katikati ya drum kama mtu anaingia kwake. Yule mzee akanichokoza kama anigongee. Nikamwambia asante, naona.

Nikapita wakuu! Nilipiga simu nyumbani hapo hapo.

Sasa kilichonifanya niandike huu uzi ni hiki.

Siku ya kwanza ya kupakia maembe ya Meru, narudi nyuma polepole kwa store. Mama Wanja kwa mazoea akainuka kuja kugonga. Nikatupa jicho kwa mirror ya kushoto.

Nikamwona katikati ya lori na ukuta wa store, ndani ya vumbi, anatembea kinyumenyume, mkono mmoja kwa bodi.

Hapo ndipo amekuwa akisimama miaka tisa. Nilikuwa namsikia tu.

Nikakanyaga brake nikashuka.

"Mama, usisimame hapo tena."

"Sasa nani angekuambia usimame?" akasema, akarudi kwa kreti zake kama hakuna kitu.

Kazi nimeipata na nimeshukuru Mungu. Lakini nilidhani license ni ya kuonyesha polisi, kumbe ni ya Mama Wanja.

Madereva wa shamba mlio humu, nyuma ya lori yako husimama nani? Shuka leo uende usimame hapo wewe mwenyewe dakika moja, halafu uje utuambie umeona nini.