Kaburi Aliloliosha Elis Tudur

Kila ilipokaribia Jumapili ya Matawi, watu wa bonde lile la machimbo ya mawe walikuwa wakipanda kanisani na ndoo, brashi na chokaa, wakaosha makaburi ya wazee wao na kuyavika maua. Siku hizi wanapanda watalii tu.

Elis Tudur, mchonga mawe mstaafu asiye na mke wala mtoto, hakukosa hata mwaka mmoja. Aliliosha kaburi la Robat Tudur, akiamini ndiye babu yake. Jina lilikuwa moja, na nyumbani hapakuwa na wa kumwuliza. Baba yake, Huw, aliangukiwa na mwamba machimboni Elis angali ananyonya. Mama yake alikuja kuolewa kutoka mbali.

Kila alipoinama kusugua, alihisi mtu amesimama nyuma yake, upande wa mti mkongwe uliokuwa pembeni mwa makaburi. Ubaridi ukamshika kisogoni. Akigeuka, ni magugu matupu.

Mwaka ambao vumbi la mawe lilimmaliza mapafu, alimwita mchimba kaburi palepale makaburini.

"Nikifa nilaze na Robat. Nataka kulala na watu wangu."

Jirani yake, Bibi Lowri, aliyekuwa akipaka chokaa kaburi la mumewe, akacheka mpaka akakohoa.

"Watu wako! We mtoto wa Huw, Robat amekuwa wa kwenu tangu lini?"

"Si Tudur huyu, bibi?"

"Huyo Robat, baba yake ndiye aliyeitwa Tudur, Tudur mwingine kabisa. Zamani mtoto alifuatishiwa jina la baba yake, basi, likaishia hapo. Babu yako ni Tudur Meurig, mwana wa Meurig. Wewe kwa haki ni Elis Huw. Hilo Tudur lilikuwa la baba yako; wewe ulibandikwa tu na karani wa machimbo, kama kondoo anavyopigwa chapa."

"Miaka yote unaniona, ukanyamaza?"

"Nilidhani unamfanyia hisani. Robat hakuacha mtu. Na anayeosha kaburi haulizwi, mwanangu."

"Babu yuko wapi?"

Akanyoosha kidole: chini ya ule mti mkongwe.

Elis alipasua magugu kwa mikono. Jiwe lilikuwa limeinama kama mtu aliyechoka kungoja. Akalifuta kwa mkono wa koti mpaka jina likatoka, na ubaridi ukamwachia kisogo. Akavuta pumzi. Mara ukamrudia, safari hii kutoka upande wa pili, kwa Robat.

Akaligawa fungu lake la maua, nusu akampelekea Robat.

"Huyo si wako, nimekwambia," Lowri akafoka.

"Nimeshamzoesha, bibi."

Walimzika Elis kwa Tudur Meurig kabla ya majira ya baridi. Lowri naye akamfuata. Sasa mawe yote mawili yameota kuvu, na apitaye katikati yake huinua kola ya koti. Vijana husema ni upepo.