Ndizi za Kuondoa Kilio

Wifi yangu alinifuata sokoni ili aangalie mikono yangu. Alisema anakuja kunisaidia kubeba, lakini kikapu kilikuwa kimoja, na nilikibeba mimi njia yote.

Mume wangu alikuwa amekufa miezi michache nyuma. Alikuwa fundi wa pikipiki, mtu mwenye afya, mikono yake ina mafuta hata siku ya misa. Jumapili moja alikula gato, keki ya ndizi niliyoipika, Jumatatu akashika tumbo, na kabla juma halijaisha tukamzika. Daktari alisema utumbo ulijifunga. Akanichorea kwenye karatasi kitu kama kamba yenye fundo. Mchoro niliuelewa. Kuueleza kwa wengine sikuweza, maana shule yangu iliishia ya msingi, na hao wengine hawakuwa wanataka mchoro. Hapa Uvira mtu mzima akifa haraka, watu hawaulizi aliugua nini. Wanauliza alikula wapi.

Sumu hiyo tunaiita karuho. Wanasema inafichwa chini ya ukucha, inaingizwa kwenye glasi, kwenye mboga, popote. Ndiyo maana tuna adabu zetu. Chupa inafunguliwa mbele ya mgeni. Mwenye kugawa chakula anaonja kwanza. Ukitaka kwenda chooni, unamaliza glasi yako ndipo unasimama, na hakuna anayekushangaa. Nimekua nazo adabu hizo, nimezifuata kwa watu wengine bila kufikiri kwamba kuna siku zitanigeukia.

Hakuna aliyenitamkia neno. Lakini siku za kilio niliona mama mkwe akinywa maji ya bidoni, dumu lake la plastiki, aliyokuja nayo kutoka kwake Kiringye, wakati maji yangu yalikuwa pale pale. Niliona sahani za kwangu zikibaki safi jinsi nilivyozipanga, na shemeji zangu wakienda kula kwa jirani. Nilijiambia kwamba mwenye uchungu wa kufiwa na mtoto haulizwi maji gani anakunywa.

Halafu familia ikakutana kwangu, Rugenge, kupanga siku ya kuondoa kilio, kumaliza matanga. Walipomaliza habari za mchele na samaki, mama mkwe akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, "Siku hiyo apike ile gato."

Watu wote wakatazama mkeka.

Nilijua nimewekewa nini mbele yangu. Nikikataa, nimejitaja mwenyewe. Nikipika nao wasile, wamenitaja wao. Nina watoto wawili. Kwa desturi yao watoto ni wa ukoo wa baba, na mjane anaachiwa awalee kama hana neno. Akiwa na neno, wanachukuliwa. Wifi yangu alipokuja kutoka Kiringye siku moja kabla ya shughuli, alikuja na mfuko mkubwa, mtupu, umekunjwa vizuri. Niliuangalia ule mfuko zaidi ya nilivyomwangalia yeye. Nilipima kwa macho: nguo za watoto zingeingia zote, na viatu juu.

Basi asubuhi ya shughuli tukaenda sokoni.

Mimi ndizi nilizishuku tangu zamani, hata kabla ya kufiwa. Ndizi ya njano tupu isiyo na doa siiamini. Nyingi zimefukizwa moshi ndani ya pipa ili ziwahi soko. Ngozi inang'aa, lakini shingo yake ni ya kijani, na ndani kuna moyo mgumu kama kiazi. Kwa gato ninataka ile ndogo, kamaramasenge, na ninaitaka imekuwa nyeusi, ngozi imekonda kama karatasi, ukiinua inalala mkononi. Siifinyi, maana kidole kinaumiza tunda la mtu. Ninainusa shingoni. Ikinuka asali, imefika. Ikipita hapo inanuka kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na gato yake itakuwa chungu. Katikati ya asali na kasiksi kuna siku moja tu, na siku hiyo mara nyingi ngozi huwa imeshaanza kupasuka.

Nikainama kwenye meza ya mama mmoja, nikanusa, nikasogeza chane moja pembeni. "Hizi."

Wifi akazigusa kwa ncha ya kidole kama anagusa panya aliyekufa. "Hizi zimeoza."

"Zimeiva."

"Zimepasuka. Ngozi ikipasuka, kitu kinaingia."

Muuzaji alikuwa anafukuza nzi kwa kipande cha kitenge. Akaacha. "Kitu gani, dada? Sema tusikie. Kitu gani kinaingia mu ndizi yangu?"

"Siongei na weye, mama."

"Lakini ndizi iko yangu! Huyu mwenzako ananusa kama mutu wa duane kwenye mpaka, nimenyamaza. Weye unakuja na mudomo. Unasema minye niko naroga bantu?"

Wanawake wa meza za jirani wakageuka. Mmoja akapiga kelele, "Mwambie anunue meza yote!"

Muuzaji akachukua moja iliyopasuka, akaimenya, akauma nusu, akatafuna huku amemkazia wifi macho. Nusu nyingine akamnyooshea. "Kamata. Tukufe wote wawili, watuzike na gari moja. Bei itapungua."

Soko lilicheka. Hata mimi kitu kilinitikisa kifuani, sikujua kama ni kicheko. Wifi hakucheka wala hakula. Aliishika ile nusu mpaka ikaanza kulainika vidoleni, kisha akairudisha mezani polepole. Kwa mara ya kwanza nikafikiri: huyu naye aliambiwa aje. Huyu naye amefiwa na kaka.

Nikaweka mikono yangu nyuma kama mtoto wa shule. "Wifi, chagua weye. Minye sitagusa hata moja."

Akaenda moja kwa moja kwenye zile za njano, ngumu, nzuri za kupiga picha.

"Hizo zitatoa gato kavu," nikamwambia. "Mama ataitafuna kama godoro. Halafu watasema niliiharibu kusudi."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Nusa."

Alinitazama kuona kama ninamcheka. Kisha akainama juu ya zile nyeusi, akaweka pua shingoni jinsi alivyoniona nikifanya. Akakaa hapo zaidi ya ilivyohitajika. Alipoinuka alisema, kama mtu anayekasirishwa na jambo, "Inanuka kama nyumba yenu."

Akazichagua mwenyewe, moja moja, akizigeuza pande zote. Alikubali nyeusi, lakini yenye ufa hata wa uzi aliirudisha. Muuzaji alikuwa anahesabu kwa sauti na kupiga miayo. "Unaoa ao unanunua, dada?" Tuliondoka na ndizi nyeusi zenye ngozi nzima, kitu ambacho sikuwahi kununua, kwa sababu siku zote nilikuwa ninachukua zilizopasuka, ndizo tamu na ndizo rahisi.

Nyumbani niliwasha mbabula, jiko langu la makaa, nikaweka mchanga ndani ya sufuria kubwa ili upate moto kabla ya kuweka ile ndogo ya gato juu yake. Wifi akakaa kwenye kigoda karibu na bakuli. Nikamwachia amenye na aponde yeye. Na hapa niseme ukweli: nilikuwa ninaiangalia mikono yake vile vile alivyokuwa akiangalia yangu. Mtu akitaka kunimaliza, nilifikiri, hahitaji kumuua mtu. Inatosha mmoja wao aumwe tumbo leo. Nilitazama kucha zake. Zilikuwa fupi, zina udongo wa shamba. Alikuwa ananitazama nikivunja mayai, nami ninamtazama akiponda, na kama mtu angepita mlangoni angedhani tumegombana.

Ndizi zilikuwa zimefika. Niliisikia harufu mpaka mahali nilipokuwa nikichekecha unga. Wifi aliponda mpaka uji ukawa laini, ukampanda mpaka kwenye kiganja. Akauinua mkono ili aufute pembeni mwa bakuli. Badala yake akaupeleka mdomoni, akalamba kidole gumba chote, kutoka chini mpaka juu.

Kisha akaganda.

Macho yetu yakakutana. Kidole kilikuwa bado kwenye midomo. Marehemu alikuwa na kidole hicho hicho. Sikuwahi kuponda ndizi bila yeye kupita nyuma yangu na kuchovya. Wifi akashusha mkono, akaufuta kwenye kitenge chake, akasema, "Sukari usiongeze mingi."

"Siongezi."

Nikaweka makaa juu ya kifuniko, tukakaa tukingoja, kila mmoja upande wake wa mbabula.

Mchana watu walikuja. Sala ilifanyika, nguo za kilio zikavuliwa, wali na samaki vikaliwa. Wali ulikuwa umepikwa na wake za shemeji, kwa hiyo uliliwa bila shida. Kisha nikaleta gato. Ilikuwa imeumuka, ngozi yake ya kahawia, imepasuka katikati inavyotakiwa. Mazungumzo yakapungua bila mtu kuyakataza. Watoto wangu wakasogea, na shangazi mmoja akawavuta nyuma kwa mashati. Kwa upole, lakini aliwavuta.

Nikakata mbele yao. Nikachukua kipande cha katikati, wasije wakasema nilijua upande ulio salama. Nikala. Hakuna aliyenyoosha mkono. Nilikuwa ninatafuna, na kinywa kimekauka hata mate ya kumezea nilikuwa ninayatafuta.

Wifi akasogea mbele. "Ndizi nilichagua minye," akasema. "Na niliponda minye. Mukimuogopa yeye, muniogope na minye." Akachukua kipande kikubwa.

"Weye tunakuogopa tangu zamani," shemeji mmoja akajibu, na watu wakacheka kidogo, wakimwangalia mama yao.

Mama mkwe akanyoosha mkono. Nikampa kipande. Hakukipeleka mdomoni. Alikiinua mpaka puani, akafumba macho, akanusa.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

Sikuweza kujizuia. "Mama, umeijuaje? Hujawahi kuila."

"Sijaila. Kila alipokuja Kiringye alikuwa ananiambia, mama, mukazi wangu amekutumia gato. Ninamuuliza, iko wapi? Ananipa karatasi yenye mafuta. 'Njaa ilinikamata njiani, mama.'" Aliigiza sauti ya mwanawe vizuri mpaka mmoja wa shemeji akainamisha kichwa. "Miaka yote minye nimekula karatasi. Nilitaka nionje."

Watu wakacheka, na kicheko kikaishia pabaya, wengine wakawa wanajifuta macho. Mama mkwe akala. Alikula taratibu, mpaka makombo ya kiganjani, na baada yake mikono ikawa mingi kwenye sinia. Shangazi akawaachia watoto mashati.

Kwa hiyo alisema alitaka kuonja. Sijui kama hiyo ndiyo sababu yote. Maji ya bidoni hakuyabeba kutoka Kiringye kwa ajili ya karatasi yenye mafuta, na siku ile ya kupanga hakunitazama usoni. Nilimwamini nusu. Nusu nyingine bado ninayo, na sioni aibu kuisema.

Habari ya watoto haikuzungumzwa. Jioni, kabla jua halijashuka, wifi alichukua mfuko wake ukutani. Nikasimama mlangoni, kati yake na chumba cha watoto, nikijifanya ninafunga kilemba. Alitia ndani sufuria ya mama yake iliyokuwa imeletwa kwa wali, na sahani walizoazima kwa jirani yao wa Kiringye, akaufunga. "Kaa vizuri, wifi," akaniambia. "Nikija tena nitakuletea ndizi za kwetu. Nyeusi."

Mama mkwe alipandishwa pikipiki, wifi akakaa nyuma yake. Aliomba kipande kimoja zaidi, cha jirani yake aliyebaki akilinda nyumba. Nikakifunga kwenye karatasi, akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka kifuani ndani ya kitenge. Motari akawasha, wakashika njia ya kwenda Kiringye.

Sikuuliza kama kilifika.