Wimbo wa Kumwingiza Binti Yangu

Kwa miaka ishirini nilipiga kinanda cha umeme katika kanisa letu la Waithaka bila kujua nota hata moja. Nilifuata masikio, tena kwa vibao vyeupe pekee. Mwimbaji akianzia juu, nilibonyeza kitufe cha kuhamisha sauti, kinanda kikapanda naye, vidole vyangu vikabaki pale pale. Watu walinisifu, nami sikuwa mjinga wa kuwaeleza.

Kisha binti yangu wa pekee akachumbiwa. Mchumba wake alimtungia wimbo wa kuingilia kanisani, naye binti akaniletea karatasi yake ya nota.

"Mum, tunataka ucheze wewe."

Nikasema sawa. Ningesema nini? Aibu ilinijaa hadi masikioni.

Nilipata mwalimu mjini, barabara ya River Road, juu ya duka la kuchapisha kadi: msichana mdogo kuliko binti yangu. Piano yake ya mbao haikuwa na kitufe, niliipapasa kotekote. Nikamwonyesha wimbo wa harusi, lakini kwanza akanipigia zoezi fupi kutoka karatasi yake, nikalirudia kwa masikio huku nimekodolea macho karatasi hiyo kama msomi. Nilipomaliza alikuwa anacheka.

"Mum, hiyo karatasi nimegeuza juu chini kitambo."

"Haki umenishika."

"Basi wimbo wa harusi sitakuchezea uusikie hata kidogo. Huo utausoma mwenyewe."

Nilikasirika kwelikweli, na Jumamosi iliyofuata nikarudi. Nilisoma nota moja moja, kidole hiki, kibao kile cheusi, jasho likinitoka. Wiki ya sita mstari wa kwanza ukatoka. Wimbo ambao sikuwahi kuusikia ulikuwa unatoka mikononi mwangu, na ulikuwa mtamu! Nilishuka ngazi nikitamani kumsimulia kila muuza misumari wa barabara ile.

Siku ya harusi sikubandua macho kwenye karatasi. Vigelegele vilipasuka nyuma yangu, sikugeuka. Mwisho wa ukurasa palikuwa na alama ya kurudia, nikarudia kama nilivyofundishwa. Baadaye vigelegele vikaisha, watu wakaanza kukohoa, nami nasoma tu. Mara mkono wenye glavu nyeupe ukanigusa bega. Alikuwa binti yangu.

"Mum, si nilifika kitambo? Pastor anangoja."

"Angoje. Imebaki mistari miwili."

Kanisa zima likacheka. Yeye akakusanya gauni lake, akajibana kando yangu kwenye kiti cha kinanda, akanishikia karatasi mpaka nikamaliza.