Nyumba ya baridi Mbwajumali: hesabu ambayo fundi hakuniambia

Wakuu, mwaka 1974 nikiwa na miaka kumi na moja babangu alifariki. Nikatolewa darasa la pili hapa Mbwajumali, kisiwani Pate, nikapelekwa Manda kukata mawe ya kujengea. Shida yangu ilianza hapo.

Kwa hiyo anayetaka kunisahihisha herufi na apite. Ila kuhusu nyumba nisikilizwe. Sitii chumvi, chumvi tunayo ya kutosha baharini.

Naona humu watu wanabishana: nyumba nafuu isiyokula umeme, inalipa au hailipi? Mimi nimejenga. Nawapa hesabu yangu, na si ya pesa.

Nimekata mawe ya majumba ya watu maisha yangu yote, mwenyewe nikilala chini ya mabati. Kuta za bloku nyembamba, nilizipandisha upesi nilipooa. Saa saba mchana huingii. Feni inazungusha joto tu, na tokeni za umeme zinaisha.

Mke wangu Bi Zuhura, mzaliwa wa Kipungani, msuka mikeka, akaanza kuugua presha. Daktari akasema ameze dawa na joto lile alikimbie.

Alikimbie wapi?

Sasa, kwetu binti akiolewa baba humpa nyumba. Binti yetu Amina alikuwa keshaposwa. Nikasema nyumba hiyo iwe ya baridi. Kuta nene za mawe na chokaa, uwa wazi katikati wa kuvuta upepo, paa la makuti. Bi Zuhura akae humo na bintiye, apumue.

Mwanangu Athmani, fundi wa kisasa aliyesomea Mombasa, akaitazama plan yangu.

"Mzee, design nzuri, lakini punguza. Hiki chumba cha nyuma kisicho na dirisha ni cha nini? Kinakula mawe. Kitoe, Ramadhani haifiki mama kashahamia."

Chumba hicho twakiita nyumba kati. Zamani wanawake walizalia humo, na maiti huoshwa humo.

Mimi nilikubaliana na Athmani. Jiwe naujua uzito wake.

Bi Zuhura akaacha kusuka.

"Nyumba isiyo na nyumba kati ni stoo. Mwanangu aolewe stoo?"

"Mama, siku hizi watu wanazalia hospitali."

"Na kuoshwa je? Wataoshewa jetini, penye mashua?"

Athmani alicheka. Na mimi. Wakuu, tulicheka.

Chumba kikabaki.

Chokaa haina haraka. Unachoma mawe, unailaza shimoni na maji mpaka iwe laini kama samli, unajenga kidogo, unangoja. Masika yakatukuta kuta ziko kifuani, tukasimama. Harusi ikasogezwa mbele. Athmani akataka tumalizie kwa simiti, nikakataa, maana nimeona kuta za mawe zilizopakwa simiti zinavyofungia maji ndani mpaka zikabanduka.

Hapo nilikuwa sahihi. Hata leo niko sahihi. Haikunisaidia.

Siku moja baada ya adhuhuri Bi Zuhura alikuja kupima sakafu apate kipimo cha mikeka. Paa limeezekwa, mlango bado. Akatandika mkeka mmoja akajinyoosha. Mimi nikaendelea na kazi zangu uwani. Akaamka alasiri inaadhiniwa.

"Bwana, leo nimelala," akasema. "Nti hini (nchi hii) na yua lake, kumbe mtu hulala."

"Basi hamia leo leo."

"Bila mlango? Mbwajumali nzima ije kunisikiza nikikoroma? Ngoja mlango."

Mlango ulikuwa unachongwa Lamu mjini.

Alifariki mchana, kule kwenye mabati, mlango haujafika. Sisemi joto ndilo lililomuua. Siku ya mtu ni ya Mwenyezi Mungu.

Akaoshwa nyumba kati. Chumba kile kile nilichotaka kukitoa. Yeye ndiye wa kwanza kukitumia.

Mmoja wa waoshaji akatoka, uso mkavu, hana jasho, akaniambia, "Pole, Bwana. Chumba chako kina baridi nzuri."

Nikamshukuru.

Haya, faida ipo. Amina hana feni, taa za sola zamtosha, na mumewe hulala mchana kama mtoto. Hasara ni muda. Mwenye mgonjwa asianze na nyumba nzima. Ajenge chumba kimoja cha kuta nene na makuti, atundike hata pazia mlangoni, mgonjwa ahamie. Mengine yafuate. Fundi hatakwambia hili, kwa sababu fundi halali kwenye mabati yako.

Aliyejenga kwa chokaa akaupunguza muda, aeleze hapa alifanyaje, wengine wapone. Wenye matusi pia karibuni, mawe nimeyazoea.

Nilicho nacho leo:

Mashua moja ya kubebea mawe.
Punda watatu.
Nyumba ya mawe, ambayo ni ya Amina.
Nyumba ya mabati. Ndimo ninamolala.
Mikeka sita, mmoja haujamalizwa.