Waya wa Simu Uliobaki Ukutani

Nyumba yetu ya Ngokolo iliwahi kuwa na simu mbili, moja sebuleni na nyingine chumba cha nyuma. Ile ya chumbani iling'olewa, waya wake ukabaki ndani ya ukuta. Dada yangu alipoleta kompyuta ya pili na kuiweka katika chumba hicho, nilimwambia tuiunganishe na yangu ya sebuleni kwa waya ule. Tulikuwa tumechoka kuhamisha kazi zake kwa diski ili zichapwe kwenye printa yangu, maana vumbi lilikuwa linaziharibu diski zote.

"Ukuta wangu hautobolewi," baba alionya.

"Hatutoboi, baba. Njia ipo tayari."

Niliutenga waya na laini ya simu, tukafunga plagi za kompyuta kila upande. Dada akaandika kule chumbani. Kioo cha kompyuta yangu kikabaki cheusi. Kumbe tulikuwa tumeunganisha waya wa kutuma wa kompyuta moja na wa kutuma wa nyingine, kwa hiyo hakuna iliyopokea. Nikabadilisha nafasi za nyaya mbili za ndani upande wangu.

"Andika tena!" nikapaza sauti.

Herufi zikaanza kutokea moja moja: SHIKAMOO BABA.

Niliruka hadi nikagonga meza. Baba akainamia kioo na kuitikia kwa nguvu, "Marahaba!"

"Andika, baba, ndipo aone."

Akatafuta herufi kwa kidole kimoja, akaandika salamu yetu ya Kisukuma ya mchana: MWADILA. Tukamsikia dada akipiga kelele chumbani, "Imefika! Imefika!" Baba akanisogeza pembeni, akavuta kiti na kuendelea kuandika.