Breka ya Sitini na Tatu

Nimekutana na wajinga wengi maishani, na wengi wao niliwapenda, maana mtu anayejua kwamba hajui ni rahisi kuishi naye. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha maziwa hakuwa wa aina hiyo. Alikuwa mnyapara katika mashamba makubwa ya chai upande wa Kericho hadi akastaafu, na katika miaka yote hiyo alijifunza jambo moja tu: kitu kisipotii, kipigie kelele, kikikataa bado, kiondoe ulete kikubwa zaidi.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya wasichana si mbali na Sotik, na nyumbani tulikuwa na ng'ombe na kipande cha majani chai kama majirani wote. Maziwa ya asubuhi yalikuwa na soko. Ya jioni tulikunywa, tukatengeneza mursik, yale maziwa ya kugandisha kibuyuni, na yaliyobaki tukawapa mbwa. Basi stima ilipofika kwenye kituo chetu cha biashara, wakulima tuliungana, tukajenga nyumba ya mabati yenye dari ya mbao, tukaleta tangi la kupoza maziwa.

Waya zilifungwa na mkwe wa mwenyekiti. Alitembea na bisibisi ya kupimia stima katika mfuko wa shati, ikichungulia kama kalamu ya daktari, na hiyo ndiyo ilikuwa shahada yake. Alinunua breka za aina moja kwa nyumba nzima, za taa, za soketi na ya mota ya tangi, kama mtu anayewanunulia watoto wote viatu vya saizi moja. Breka, au "preka" kama wengi wetu tulivyotamka, na sioni haya, ni ile swichi ndogo ndani ya boksi la ukutani inayojizima yenyewe stima ikileta hatari.

Siku ya kufungua, mchungaji aliomba, akina mama wakaimba, mwenyekiti akavua kofia akabonyeza. Mota ikanguruma mara moja. Tap! Kimya. Fundi akaiinua breka. Mngurumo, tap, kimya tena. Mchungaji, aliyekuwa bado amefumba macho, akafumbua moja.

"Hii breka ni mwoga," mwenyekiti akatangaza. "Imesikia sauti ya mota ikakimbia."

"Labda iko na sababu, mzee," nikasema.

"Mwalimu, hapa si darasani."

Watu wakacheka. Walicheka kila alichosema, hata alipokuwa hachekeshi.

Ukweli ni kwamba sababu yenyewe sikuijua. Vitabu vyetu vya shule viliishia kwenye fyuzi, kile kiwaya kinachoyeyuka. Jumamosi nikaenda kumwona dada yangu, aliyekuwa fundi wa stima katika kiwanda cha chai karibu na mji wa Kericho. Dada yangu hakuwa mpole, na hakujifanya hivyo. Nilimkuta nje ya chumba cha kunyausha majani, mafeni yakivuma nyuma yake, akimfokea mwanamume mmoja juu ya ngazi. Nilipomweleza shida yetu akacheka hadi akashika ukuta.

"Imeandikwa nini usoni?" akauliza.

"Ishirini."

"Na kabla ya ishirini?"

Nikakumbuka. "B."

"Sasa si umejijibu? Ng'ombe wako akilala chini halafu ainuke, huwa anafanya nini?"

"Anasukuma kwa nguvu."

"Kwa nguvu zake zote. Akishasimama, anatembea polepole. Mota ni hivyo hivyo. Ikianza kuzunguka, inavuta stima mara sita, mara saba ya kawaida yake, muda wa kupepesa jicho tu. Ikishazunguka, inatulia. Ndani ya breka kuna walinzi wawili. Mmoja ni kibamba cha chuma. Stima ikizidi kidogo kwa muda mrefu, kinapata joto, kinajipinda, kinazima. Huyo hana haraka. Wa pili ni koili yenye sumaku. Stima ikiruka ghafla kama kwenye shoti, anazima papo hapo, hangoji mtu. Herufi ndiyo inakuambia huyu wa pili atavumilia mruko wa kiasi gani. B hana uvumilivu, stima ikifika mara tatu, mara tano ya namba, amezima. Ni mzuri kwa taa na pasi. C anavumilia hadi mara tano, mara kumi. Huyo ndiye wa mota yenu. D anavumilia zaidi, wa mashine za kuchomelea na mota zinazoanza na mzigo mzito."

"Kwa hiyo tuweke kubwa zaidi?"

Akanitazama kwa dharau ambayo sijaisahau hadi leo.

"Umesoma chuo kikuu gani wewe? Namba inalinda waya! Waya wenu unabeba ampea ishirini, basi. Ukiweka breka ya sitini na tatu, waya utaungua huku breka ikipiga miayo. Weka ishirini ile ile, lakini C. Namba ni ya waya, herufi ni ya mota. Nenda ukawaambie hivyo."

Nilirudi nikawaambia. Mwenyekiti alinisikiliza akichokonoa jino kwa njiti.

"Nitoe ishirini niweke ishirini? Kwa sababu ya herufi?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hii umeambiwa na nani?"

"Dada yangu. Yuko kiwandani, yeye ndiye—"

"Mwanamke." Akamgeukia mkwe wake. "Umeskia? Mwanamke anatufundisha stima."

Mkwe alikuwa amekwisha kununua breka mpya mjini, na aliitoa mfukoni kwa fahari: sitini na tatu. Akaifunga. Mwenyekiti akabonyeza. Mota ikanguruma, ikaendelea kunguruma, na vigelegele vikajaa kituoni. Kulikuwa pia na kidude kingine kwenye mota yenyewe, cha kuizima ikielemewa. Fundi alikipitishia waya pembeni kisimsumbue. Tangu siku hiyo nikaitwa Mwalimu wa Herufi. Hata watoto wa shule za msingi walijua, wakinisalimu "Chamgei, Mwalimu wa Herufi," kisha wakikimbia ndani ya majani chai.

Ningependa kusema nilikasirika kwa ajili ya usalama wa watu. La, nilikasirika kwa sababu nilisema kweli na hakuna aliyejali. Hata hivyo nilimwonya mama aliyepokea maziwa, mjane mmoja mwenye sauti ndogo, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshinda chini ya dari ile. Nikamwambia: ukisikia harufu ya plastiki, zima kwenye boksi kisha utoke. Akaitikia kwa kichwa.

Mvua kubwa ilipokuja, stima ikadhoofika kama kawaida yake. Balbu ziligeuka rangi ya chai ya rangi. Alasiri moja nilikuwa darasani, dirisha likitazama kituoni, nikaona moshi ukitoka chini ya mabati ya nyumba yetu. Niliacha chaki na wasichana, nikakimbia kwenye tope.

Mama mpokeaji alinieleza baadaye. Mota ilijaribu kuanza ikashindwa, kwa kuwa stima ilikuwa hafifu. Haikunguruma, ililalama, ikaendelea kulalama, ikivuta nguvu za kuinukia bila kuinuka. Breka ya ishirini, iwe ile mwoga au ile ya C, ingezima upesi. Ya sitini na tatu haikuona neno. Waya ndani ya dari ukapata joto, ukalainika, ukawasha mbao.

Nilipofika mlangoni, moto ulikuwa ukitambaa juu, na ile breka bado imesimama wima kama askari wa gwaride. Mama alikuwa ndani. Alikuwa amepanda juu ya kreti kavu, ufagio wa mpini wa mti mkononi, akiisukuma ile breka ndani ya boksi kwa ncha huku cheche zikimwangukia kitambaa cha kichwa.

"Toka!" nikapiga kelele.

"Uliniambia nizime kwanza!"

Akasukuma tena. Tap. Ndipo akatoka, nikamvua kitambaa, nikakikanyaga kwenye tope. Nywele za upande mmoja zilikuwa zimeungua na sikio limefanya malengelenge. Wanaume wa kituoni walileta mchanga na maji, na kwa kuwa stima ilikuwa imekatwa, wakaweza kuuzima moto kabla haujafika kwenye maduka jirani.

Mwenyekiti alifika na pikapu yake ikinguruma. Akatazama dari iliyoteketea, akatazama tangi lililojaa masizi na maziwa yenye majivu. Kisha akamtazama mama aliyekuwa amekaa chini, sikio likitoka maji.

"Nani alizima stima?" akauliza. "Maziwa yote yameharibika!"

Nikamshika mama mkono, nikampeleka zahanati.

Katika mkutano wa wanachama alieleza kwamba panya walikula waya. Nikasimama, nikataja herufi, namba, waya, kile kidude kilichopitishwa pembeni. Mzee mmoja akaniambia nikae, panya wanajulikana. Kisha soda zikaletwa, wakapiga kura kwa kuinua mikono, na mwenyekiti akarudishwa kwa vifijo. Niliihesabu mikono iliyobaki chini: wangu, na wa mama wa sikio lililofungwa bandeji.

Hata hivyo mkwe hakugusa waya tena, labda mkewe mwenyewe alimkataza. Dada yangu aliitwa kimyakimya. Alikuja Jumapili, akatukana kila kitu alichogusa, akavuta waya mpya, akafunga breka ya ishirini yenye herufi C, akarudisha kile kidude cha mota mahali pake. Mota ikaanza mara ya kwanza na haikusumbua tena. Hakuna aliyemshukuru isipokuwa mama mpokeaji, aliyempa kibuyu cha mursik.

Miezi michache baadaye wageni wa kikundi kingine walitoka upande wa Soin kuja kujifunza kwetu. Mwenyekiti aliwapeleka mbele ya boksi, akalifungua, akaweka kidole juu ya breka.

"Hapa watu wengi wanakosea," akawaambia kwa sauti ya mtu aliyeteseka kwa ajili ya elimu. "Wanaangalia namba tu. Lazima uangalie herufi! B ni ya bibi, kazi ya jikoni. C ni ya chairman."

Wageni wakapiga makofi. Mama mpokeaji, aliyekuwa akisafisha mitungi kando yangu, aliinama akaninong'oneza, "Mwalimu, na D?"

"Ya dada yangu," nikamjibu, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu moto ule, huku mitungi ikigongana mikononi mwake, mpaka mwenyekiti akageuka akatuambia tunyamaze, wageni wanasoma.